Ganda la Tisa

Bwana Kassamali ameingia na bunduki kama mtu aliyebeba mgonjwa,
ameilaza mezani, mdomo ukitazama ukuta. Hilo angalau amelishika.
"Ina shetani," asema. "Yapiga moja, ya pili yakwama.
Ganda lasimama wima mlangoni kama bomba la jiko."

Mimi ndiye mtunza silaha wa klabu hii, nyuma ya machimbo ya Bamburi,
na kwa miaka kumi na mmoja sijaona shetani ndani ya chuma.
Nimeona mchanga. Nimeona kutu ya chumvi
ipandayo usiku hata kwenye bawaba za kabati lililofungwa.
Nimeona nyumba ya nyigu, ya udongo, ndani ya mtutu wa mwenyekiti.

Natoa magazini. Navuta komeo. Nachungulia chumba,
kisha natia kidole cha mwisho, kwa kuwa macho huamini upesi.
Tupu.
Hapo ndipo naanza kuuliza.

Ilianza lini? Julai.
Risasi zipi? Zile zile, ndogo, zenye kugongwa ukingoni.
Mafuta gani?
Anatazama viatu vyake.
"Ya nazi. Mamangu alipaka cherehani hayo hayo miaka arubaini."

Ewe Bwana Kassamali, na vioo vyako vyote pale mtaa wa Biashara,
hujaiona chupa ya nazi asubuhi ya kusi
ilivyoganda nyeupe dirishani?
Risasi hizi zina nguvu ya kukohoa tu.
Kikohozi hicho ndicho kisukumacho komeo nyuma,
ndicho kibebacho ganda hadi kwenye kigingi kilitupe nje.
Ukilipaka komeo uji, litarudi nusu njia,
na mlango utafungwa kabla mgeni hajatoka.

Haya yote niliyasema kwa sauti ya mwalimu.
Nikafungua, nikasugua kwa mswaki mkuukuu;
masizi yakatoka meusi, mororo, kama wanda.
Tukaenda uwanjani. Moja, sawa. Mbili, sawa.
Ya tatu: bomba la jiko.

Hakusema neno. Heri angesema.

Nikarudi mezani nikaushika ukucha,
kile kidude kisichozidi punje ya mpunga,
kazi yake kung'ata ukingo wa ganda na kuliburura.
Nikausukuma kwa ncha ya msumari.
Ukacheza kama jino la mtoto wa miaka sita.
Nyuma yake, springi.
Nikaitambua.

Mfungo wa mwaka juzi, saa kumi jioni, njaa na haraka,
springi yenyewe iliniruka ikapotelea sakafuni,
nami nikakata kipande cha springi ya kalamu,
nikajiambia: ya muda tu, Mwanakombo, wiki moja.
Daftarini nikaandika "imetengenezwa".
Sikuandika kwa nini.

Ni rahisi kumsomesha mtu habari za nazi.
Neno lilisimama wima kooni kwanza, ndipo likatoka:
"La mafuta ni lako. Hili la springi ni langu."
Akacheka kwa pua. Akauliza kama bado namtoza.

Springi sahihi ilikuwamo kabatini siku zote,
ndani ya bahasha, nyuma ya kopo la maziwa ya unga.
Shilingi mia tatu.

Tukapiga kumi.
Maganda yakaruka kulia, hatua tatu, yakilia juu ya saruji,
ila la tisa, lililogonga nguzo likarudi
likadondokea ndani ya kiatu cha Bwana Kassamali, la moto,
naye akachezea mguu mmoja akimwita mamake.
Nikamngoja atulie,
mtutu ukielekea kifusi, kidole nje ya kifyatulio,
moja bado chumbani.
Alipovua kiatu akakikung'uta, ndipo nikapiga ya kumi.